Jani la Koti

Safari ya kwenda Iringa niliifanya kwa vipande. Kutoka Lilongwe hadi Karonga nilikaa juu ya magunia ya karanga. Kutoka Karonga hadi mpakani nilipakiwa nyuma ya pikapu pamoja na mbuzi ambao hawakuacha kunikanyaga. Daraja la Kasumulu nililivuka kwa miguu, begi begani, nimevaa makoti mawili ili mzigo upungue. Askari wa upande wetu aliingiza mkono ndani ya begi, akautoa na vumbi la kahawia kwenye vidole, akalinusa, akapiga chafya.

"Nini hii?"

"Vumbi la tumbaku, afande. Limeingia kwenye nguo, halitoki."

"Na wewe je, unatoka wapi?"

Nikamwambia natoka kazini. Akanitazama viatu, akasema pita.

Vumbi lile kweli lilikuwa halitoki. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi kwenye maghala ya tumbaku ya ng'ambo ile, nikipanga majani kwa rangi, kwa urefu na kwa unene, mpaka ikafika mahali ningeweza kufumba macho na kukuambia jani limetoka sehemu gani ya mche. Hiyo ndiyo elimu niliyoipata baada ya kidato cha nne. Kitu kingine cha kuonyesha sikuwa nacho. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini, sina nyumba, sina shamba, na kila nilipokaa mahali misimu miwili mitatu miguu ilianza kuniwasha. Nikiwa Lilongwe niliota Mbeya. Nikiwa Mbeya nikisikia honi ya lori tu, moyo ulikuwa umeshaondoka.

Safari hii kilichonirudisha ni ujumbe wa dereva mmoja tuliyejuana njiani. Alisema Iringa mjini kuna mtu amefungua karakana ya siga, zile sigara nene zinazosokotwa kwa mkono kwa majani matupu, hazina karatasi, na mtu huyo anatafuta mtu anayelijua jani.

Nilipita Uyole kumwona mama yangu. Alikuwa amepanga chumba na sebule karibu na barabara kuu, akimlea binti yangu tangu mama wa mtoto alipofariki. Nilimkuta mama anachambua maharage kwa vidole, si kwa macho, na hapo nikaelewa kitu ambacho kwenye simu hakuwahi kuniambia.

"Umerudi au umepita?" aliniuliza kabla hata sijakaa.

"Napita, mama. Lakini safari hii naenda hapo Iringa tu."

"Hapo Iringa tu," akarudia, kama anayeonja chumvi.

Binti alitoka ndani na sare ya shule ya msingi iliyokuwa imemfupikia. Alisema "Shikamoo" ikaishia hapo, haikufuatiwa na baba wala na jina lolote. Alinipa kigoda, akarudi ndani, nikamsikia anaendelea kusoma kwa sauti.

Nilipoondoka, mama alinisindikiza mpaka barabarani ameshika mkono wangu. Magari yakawa yanapita. "Macho yangu yanazima," alisema. "Dada yako anataka kunichukua nikakae naye Dar. Kwao ni chumba kimoja, na watoto wake watatu wanalala chini. Nikiondoka hapa, huyu hana pa kwenda. Sikuombi hela. Nakuomba mahali. Tafuta mahali umweke mwanao."

Nilimwahidi. Nimeahidi vitu vingi nikiwa nimesimama kando ya barabara, lakini hicho nilikiahidi nikiwa nimemaanisha.

Gari nililopata liliharibika Igawa. Tulikaa hapo tukisubiri kipuri, nikila wali wa mchele wa Mbarali kwa mama ntilie na kuwatazama vijana wakikimbilia mabasi na mafungu ya vitunguu juu ya vichwa. Kila basi lililoelekea Mbeya lilinipa wazo la kurudi, na kila lililoelekea Iringa lilinipa wazo la kuliparamia hata bila nauli. Baadaye gari likatengemaa, tukaendelea. Makambako, Mafinga, misitu ya misindano imekaa kimya pande zote, baridi ikiingia kwenye makoti yangu yote mawili. Tulipofika Ipogolo nikapanda kile kilima kwenda mjini kwa miguu, kwa sababu nilitaka kufika nikiwa nimechoka kiasi cha kutotamani kwenda kwingine.

Karakana ilikuwa kwenye nyumba ya zamani ya duka, mtaa wa nyuma ya soko. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Iringa, lakini babu zake walipanda kutoka pwani na vitambaa vya kuuza. Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha siga nchi ya mbali, kisha akarudi na ile ndoto. Tulimwita bosi, ingawa aliketi kwenye kiti kibovu kuliko vyetu. Alinipa majani mchanganyiko, akaniambia geuka ukutani, uyapange kwa kuyagusa. Nikayapanga. Akasema, "Kesho uje na kikombe chako cha chai."

Pale ndipo nilipojifunza kusokota. Siga ni mtu aliyevaa, hivyo ndivyo dada wa meza ya mbele alivyonieleza siku ya kwanza. Ndani kuna utumbo, majani mazito yanayokunjwa kama feni ndogo na kushikwa kiganjani ili moshi upate njia. Juu ya utumbo linakuja shati, jani gumu la kuushikilia. Shati likishafungwa, siga inalazwa kwenye kibao chenye mifereji na kubanwa mpaka ikubali umbo. Mwisho kabisa ni koti. Koti ni jani moja jembamba, pana, lisilo na tundu wala doa, lenye kunyumbulika kama ngozi ya sikio. Unalitoa uti wa kati, unalikata nusu kwa kisu kisicho na mpini chenye umbo la mwezi mchanga, unalizungusha kwa mshazari kutoka mguuni kwenda kichwani, na pale kichwani unalibandika kwa tone la uji wa muhogo. Mnunuzi haoni utumbo wala shati. Anaona koti.

Dada huyo alikuwa na mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Siga zangu za mwanzo alizishika kwa vidole viwili mbele ya watu wote.

"We Mmalawi, hii umesokota au umeifunga bandeji?"

"Itanyooka."

"Itanyooka ikizikwa. Tazama, koti limempwaya kama la kuazima harusini."

Bosi alicheka mpaka akakohoa. Miezi ile nilikuwa na furaha, naandika bila kuona haya. Nilipenda harufu ya chumba kile asubuhi, tamu na kali kwa pamoja, kama zizi lililomwagiwa asali. Nilipenda kwamba mikono yangu iliyokuwa inapanga majani ya watu sasa inamaliza kitu.

Lakini makoti ya siga yalikuwa yanatoka ng'ambo ya bahari, kwa bei ya kuumiza, na marobota yalikuwa yanaisha. Mteja mkubwa tuliyekuwa naye, aliyepeleka siga kwenye mahoteli ya watalii, alikuwa amemwambia bosi wazi: niletee siga ambayo jani lake lote limeota hapa, hiyo nitauza, ukishindwa, sina sababu ya kununua kwako. Bosi alikuwa na mbegu. Hakuwa na mtu wa kuilea.

Aliniita uani, penye nyumba ndogo ya vyumba viwili iliyojaa makopo na baiskeli mbovu. "Nipe koti msimu huu," alisema, "nawe nyumba hii ni yako, na kazi ni ya kudumu. Leta familia."

Jioni ileile nilitoa makopo. Chumba kimoja nikakipaka chokaa, nikaweka na msumari wa kutundika sare ya shule.

Shamba tulilipata Kilolo, upande wa bondeni ambako baridi haiumi sana. Mwenye shamba alikuwa mama mjane, Mhehe, Mlutheri wa kwaya, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Marehemu mumewe alikuwa mkaushaji wa tumbaku kwa moto enzi zile wanunuzi wa tumbaku ya sigara za kawaida walipokuwa wakifika huko. Walipoacha kufika, watu wakapanda misindano na nyanya, lakini bani lake lilibaki limesimama nyuma ya nyumba: jengo refu la matofali ya udongo, ndani lina fito kutoka chini hadi darini za kutundikia majani, ukutani lina mdomo wa tanuri, na sakafuni mabomba ya chuma ya kupitisha joto, yote yameshika kutu. Nililipenda kwa ajili ya zile fito. Nikatoboa madirisha kila upande ili hewa ipite, maana jani la siga halipikwi. Linaning'inizwa kivulini na kuachwa life polepole, kijani kiwe njano, njano iwe kahawia, majuma na majuma, na ule upole ndio unaolipa ladha na kulifanya linyumbulike.

Nilipewa chumba cha stoo kando ya bani. Na nilipewa chakula. Hapo lazima nieleze kidogo, kwa sababu kila kitu kilitokea hapo. Kwa mama yule, na kwa majirani zake wote niliowahi kula kwao, hapana ya mgeni haikuwa neno. Ilikuwa adabu. Mgeni akisema nimeshiba, maana yake amelelewa vizuri, na mwenye nyumba aliyelelewa vizuri anamwongeza. Siku za kwanza nilidhani hanisikii.

"Nimeshiba, Mama."

"Eee." Na mwiko unashuka na bonge jingine la ugali.

"Mama, kweli kabisa, tumbo limejaa."

"Mwanaume gani anakula kama kifaranga? Kwenu Mbeya wanakula kwa kuchungulia? Kula, we. Mboga hiyo."

Nikajifunza kusema hapana mapema ili hapana ya tatu inikute bado nina nafasi. Na nikaanza kupenda kutosikilizwa kule. Tangu utotoni hakuna mtu aliyewahi kuniongeza chakula bila mimi kuomba.

Mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi. Niliichanganya na majivu ili nione ninapoimwaga. Kitalu kikaota, mvua zikanyesha kwa mpango, miche nikaihamisha kwa mikono yangu, nikaikata vichwa ilipotaka kuchanua, nikaokota viwavi asubuhi kabla ya jua. Mama alikuwa akija na kigoda, anakaa pembeni ya tuta, ananisimulia jinsi mumewe alivyokuwa akilala mdomoni mwa tanuri siku za kupika na kuamka kila mara kulisha kuni, "kama mtu mwenye mtoto mchanga." Bosi alipokuja kuona yale majani ya katikati ya mche, mapana kama masikio ya tembo, alivua kofia.

Tulivuna, tukatunga kwenye vijiti, tukatundika. Siku chache baadaye bani zima lilikuwa linaanza kugeuka njano. Wakati huo mama yangu akapiga simu kutoka Uyole: dada amekuja, wanaondoka juma lile, nije kumchukua mtoto.

Niliaga. Mama wa Kilolo alikuwa amesimama mlangoni mwa bani, anatazama juu.

"Moto unawasha lini?" aliniuliza.

"Haya hayataki moto, Mama. Ni hewa tu."

"Kuni zipo. Za miwati, kavu. Tangu marehemu afariki hazina kazi."

"Hapana, Mama, asante. Usijisumbue. Hewa tu."

"Eee," akasema.

Nilikwenda Mbeya nikiwa nimekaa dirishani kama mtoto. Dada yangu alikuwa ameshafunga mizigo. Mama alimpapasa binti uso mzima, polepole, paji, pua, kidevu, halafu akanishika mkono wangu na kuuweka begani kwa mtoto, kama mtu anayekabidhi ufunguo. "Sasa umerudi," aliniambia. Kulikuwa na mambo ya shule ya kumalizia, na baadaye binti akapata homa, kwa hiyo nilikaa huko juma zima zaidi ya nilivyopanga. Simu ya Mama wa Kilolo ilikuwa haishiki mtandao mpaka apande kilimani. Sikuwa na wasiwasi. Huko Uyole jua lilikuwa linawaka.

Basi lilisimama Igawa. Hapo nikamnunulia karanga, akaniuliza jambo la kwanza aliloniuliza maishani bila kutumwa na bibi yake: "Hicho chumba kina dirisha?"

"Kina dirisha. Linatazama mpera."

Akatafuna kidogo. "Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mwanangu."

Tulifika Kilolo mchana, kwa pikipiki kutoka njia panda. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bonde lote, mvua ya manyunyu, aina ile isiyolowanisha nguo lakini inalowanisha mifupa. Niliposhuka tu, pua ikaniambia kabla ya macho. Moshi wa miwati. Na chini ya moshi, harufu nyingine, tamu, kama nyasi zilizoiva na asali. Niliijua harufu hiyo kutoka kila bani nililopita maishani. Nilimwacha binti na mabegi barabarani nikakimbia.

Madirisha yangu yote yalikuwa yamezibwa kwa udongo, vizuri, kwa kiganja, alama za vidole zinaonekana. Mdomo wa tanuri ulikuwa mwekundu. Mama alikuwa amekaa mbele yake kwenye kigoda, kitenge kimejaa masizi, macho yamevimba kwa moshi na kwa kukosa usingizi. Aliponiona aliinuka kwa kushika ukuta, akacheka.

"Kamwene, mwanangu! Njoo. Njoo uone!"

"Kamwene, Mama," nilijibu. Mdomo uliijibu salamu ya Kihehe wenyewe.

Alifungua mlango. Joto lilinipiga kifuani. Kutoka chini hadi darini, fito juu ya fito, majani yote yalikuwa ya njano, njano safi ya dhahabu, makavu, yananong'ona. Sijawahi kuona bani limepikwa vizuri namna ile. Hata moja halikuungua.

"Ukungu uliingia siku ile ile ulipoondoka," alisema. "Yakaanza kuota ukungu pembeni. Nikajisemea, huyu mtoto anaona haya kuniomba kuni. Anasema hewa, hewa. Hewa gani ya Kilolo mwezi huu? Marehemu alinifundisha yote, kuzima na kuwasha, sijasahau hata kimoja. Nimekuokolea tumbaku yako."

Binti alikuwa amefika nyuma yangu, analoa. Mama alimwona, akamkumbatia kwa masizi yake yote. "Na huyu ndiye? Mwembamba hivi! Njoo ule."

Nikasema, "Asante, Mama."

Nikarudi barabarani kuchukua mabegi.

Jani lililopikwa likiwa njano haliendelei tena. Linabaki njano, na kile kitu hai kilichomo ndani, kinachotakiwa kuchachuka baadaye kwenye rundo na kulifanya laini na lenye ladha, kinakuwa kimekufa. Kwa sigara za karatasi pengine lingefaa, lakini nani angesafiri mpaka Kilolo kwa ajili ya bani moja la mbegu asiyoijua? Bosi alikuja kesho yake. Alichukua jani moja, akalipeleka kwenye mwanga wa mlango, akalinusa, akalikunja. Likalia kama karatasi. Alinivuta mpaka nyuma ya mgomba, binti akiwa anachota maji hatua chache kutoka hapo.

"Limeuawa likiwa zuri," alisema. "Nani amewasha?"

"Alitaka kutusaidia. Usimwambie kitu."

"Nimwambie nini? Ni mama mzima."

Nilimsihi tujaribu. Sijawahi kumsihi mtu vile, hata njaa haikuwahi kunifikisha pale. Tulibeba majani yote hadi mjini, tukayanyunyizia maji, tukayapanga rundo kwenye chumba cha nyuma na kuyafunika magunia. Rundo la majani mazuri linapata joto lenyewe. Ukiingiza mkono unakuta joto la tumbo la kuku aliyeatamia, na harufu kali inakutoa machozi. Binti nilimwacha Kilolo kwa Mama, "kwa siku chache". Mimi nikalala karakana, na kila asubuhi nilivua shati nikaingiza mkono mpaka begani.

"We Mmalawi," dada wa meza ya mbele aliita siku za mwanzo, "unampima nani joto? Mpeleke zahanati apate dripu."

"Leo kuna kitu. Njoo ushike."

Alikuja, akaingiza mkono. "Hilo ni joto lako mwenyewe, umeliacha humo tangu asubuhi."

Tulicheka. Baadaye akaacha kutania. Aliponiona naelekea chumba cha nyuma aliinamisha kichwa akaendelea kusokota, na ule ukimya wake ndio ulioniambia. Rundo lilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Nikaongeza maji. Nikaongeza magunia. Nikasogeza jiko la mkaa mlangoni. Siku moja nilijilaza juu yake mchana kutwa kama kuku mwenyewe, nikijua ni upumbavu, na sikuinuka.

Hatimaye bosi aliketi mezani akavisha siga chache kwa majani yale. Koti lilipasuka kwa mshazari. Akalilowesha zaidi, likakubali, likapasuka lilipokauka. Aliwasha moja, akavuta, akaitema. Siga zilizovaa vizuri kidogo alizituma kwa mteja hata hivyo. Jibu lilikuja kwa simu, tukiwa wote tunamtazama. Alisema "sawa" mara kadhaa, kisha "nimekuelewa", kisha akaweka simu mezani, uso wa simu chini.

Nyumba ya karakana bosi aliirithi pamoja na ndugu zake. Ndugu zake hawakusubiri; waliipangisha yote, mbele na uani, kwa muuza mabati. Nilikwenda kutoa kile kitanda nilichokuwa nimenunua. Fundi wa muuza mabati alikuwa tayari amening'iniza begi lake kwenye ule msumari wa sare. Ukuta ulikuwa bado unanuka chokaa.

Binti alikuwa ameanza shule kule Kilolo. Nilimkuta anapalilia na Mama, wanaimba wimbo wa kwaya, yeye kwa sauti ya pili. Alikuwa amenenepa shavuni. Nilikaa huko majuma kadhaa nikitafuta vibarua vya kukata misindano, nikijidanganya kwamba ninaweza kubaki. Kisha shemeji wa Mama, ndugu wa marehemu, akaja na fimbo na adabu zake zote. Alikunywa chai, akauliza habari za Mbeya, akasema, "Ulipokuwa na tumbaku, watu walijua upo hapa kwa sababu gani. Sasa tumbaku hakuna. Shemeji yangu ni mjane. Mtoto hana shida, mtoto ni wa wote. Lakini mwanaume mzima, hapana. Unanielewa, ndugu yangu?"

Nilimwelewa. Mahali tulipata, mama yangu. Pa mtoto.

Nilimwuliza binti kando ya bomba la maji. Alijaza ndoo mpaka juu kabla hajajibu. "Tukiondoka tunakwenda wapi?" Nikataja miji. Nilipofika wa tatu nikasikia maneno yangu mwenyewe, nikaacha. Akasema, "Baba, mimi nibaki." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Asubuhi ya kuondoka Mama alipika mapema. Tulikaa jikoni sote watatu, moto wa miwati katikati yetu. Alininawisha, akapakua, halafu akakaa na mwiko magotini.

"Mtoto ameniambia," alisema. "Kile mlichosema na bosi wako nyuma ya mgomba."

Binti alitazama chini.

"Mama, yale yamepita."

"Uliniambia hapana."

"Nilisema, Mama."

"Mara mbili ulisema. Nami nikadhani ni adabu tu."

Nilitaka kumwambia kwamba lilikuwa bani zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Nilikuwa na ugali mdomoni, na nilipoumeza ujasiri ulishuka nao. Nikala. Nilikula polepole, kwa kuwa sikujua tena lini, na chakula kikaisha haraka hivyo hivyo. Nilikuwa na njaa bado. Safari ilikuwa ndefu, na sikuwa nimeamua hata ni ya kwenda wapi. Nilikuwa nimepanga kusimama njia panda na kupanda gari litakalotangulia.

Aliinua mwiko. "Nikuongeze?"

Nikasema kama nilivyozoea, kama tulivyozoea sote: "Hapana, Mama. Nimeshiba."

Mwiko ulibaki hewani kidogo. Kisha akaurudisha sufuriani, taratibu, akafunika, akachukua sahani yangu akaenda kuiosha.